STARS IMERUDI, UWANJA WA MTOTO UKO WAPI?

Ndugu wananchi, yako mambo ambayo watu huyangoja muda mrefu hata wakasahau kwamba wanayangoja. Kurudi kwa timu yetu ya taifa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa jambo la namna hiyo. Vijana walikuwa wakisikia habari za Lagos kama watoto wasikiavyo hadithi za paukwa: hapo kale palikuwa na timu, ikaenda mbali, ikacheza na wakubwa. Wazee waliposimulia, vijana waliitikia kwa adabu, lakini mioyoni walisema, hayo ni ya zamani.

Basi Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019 sisi wa Lemara tulijazana katika vibanda umiza vyetu, wengine wamekaa juu ya mabenchi, wengine juu ya kreti za soda, na waliochelewa wamesimama nje wakichungulia dirishani. Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa, Stars ilikuwa ikicheza na Uganda. Kushinda peke yake hakukutosha. Ilibidi pia Lesotho wasishinde kule Praia, Cape Verde. Kwa hiyo macho yetu yalikuwa Dar es Salaam na masikio yetu yalikuwa Praia. Simon Msuva akafunga bao la kwanza. Erasto Nyoni akafunga la pili kwa penalti. Aggrey Morris akafunga la tatu. Kule Praia ikawa sare ya bila kufungana. Hapo ndipo mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye katika mchezo mzima hakutoa neno, alipovua kofia yake akasema, "Mara ya mwisho nilisikia kwa redio, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza." Huyo mtoto wa kwanza alikuwa amekaa pembeni yake, naye ana watoto wake.

Miaka 39! Hebu tuitafakari miaka hiyo kabla hatujaendelea.

Agosti 1979 Stars ilikwenda Ndola, Zambia, ikiwa na akiba ya bao moja iliyolipata nyumbani. Zambia hawakuwa watu wa kuchezewa. Lakini Peter Tino akafunga, mchezo ukaisha sare ya 1-1, na Tanzania ikapita. Machi 1980 vijana wetu wakaingia Lagos, nahodha wao akiwa Leodegar Tenga, yule ambaye baadaye alikuja kuongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu tangu 2004 hadi 2013. Walifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao letu la kwanza katika historia ya mashindano hayo, na Thuwein Ali akafunga mengine mawili. Timu ikarudi nyumbani kichwa juu, kwa sababu kila mtu alidhani kwamba huo ulikuwa mwanzo. Kumbe kwa muda wa miaka 39 huo ndio uliokuwa mwanzo na mwisho.

Wako wanaosema kwamba palikuwa na mkosi. Sisi hatukubali habari za mkosi. Mtu asiyepalilia shamba lake akavuna magugu hawezi kusingizia mganga wa jirani. Tulikaa nje kwa sababu tulipenda mpira kwa kelele kuliko tulivyoupenda kwa kazi. Tulikuwa hodari wa kubishana juu ya Simba na Yanga barazani, hodari wa kuimba na kupiga ngoma, lakini wavivu wa kuuliza mtoto wa darasa la nne anacheza wapi, anafundishwa na nani, na mpira wenyewe anaupata wapi. Tulikuwa tukitazama paa la nyumba, na msingi hatukuutazama.

Wala tusidhani kwamba mpira kwetu ni jambo geni lililoletwa juzi. Kombe la Gossage lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949. Kombe lile lilichukua jina la kampuni ya sabuni ya Kiingereza. Yaani Mwafrika alitoa jasho, na jina likabaki la muuza sabuni! Hata hivyo wazee wetu hawakususa. Walicheza na kushinda katika kombe la watu wengine, wakijua kwamba siku moja watakuwa na kombe lao. Baada ya uhuru jina lile liliondolewa, na mwaka 1964 chama chetu cha mpira kikaingia katika FIFA, tukawa taifa kati ya mataifa. Kwa hiyo timu ya taifa inapovaa jezi yake na wimbo wetu ukapigwa katika nchi ya watu, hilo si jambo la mchezo tu. Ni ushahidi kwamba tupo. Kwa sababu hiyo twalia inapofungwa, na kwa sababu hiyo tulilia kwa furaha siku ile ya Machi.

Sasa tuseme kweli yote, maana gazeti la wananchi likiwaficha wananchi hesabu, halina faida kwao.

Lagos mwaka 1980 zilialikwa timu nane tu za Afrika nzima. Misri mwaka 2019 zilialikwa timu 24, na ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi hiyo. Mlango umepanuliwa mara tatu. Hatusemi haya ili kuwavunja moyo vijana wetu. Mlango uwe mpana au mwembamba, aliyeingia ameingia, na wako wengi waliobaki nje. Twasema haya ili tusijidanganye kwamba kwa kuwa tumeingia basi tumefika.

Misri 2019 tulifungwa zote tatu: Senegal 2-0, ndugu zetu Kenya 3-2, Algeria 3-0. Mchezo wa Kenya ndio uliotuuma zaidi, kwa sababu tuliongoza mara mbili, kwa mabao ya Msuva na Mbwana Samatta, na mara mbili tukanyang'anywa. Ivory Coast, Januari 2024, tulianza vibaya kwa kufungwa na Morocco 3-0, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Zambia na sare ya 0-0 na Kongo. Na huo mchezo wa Zambia pia tuliongoza, tena wenzetu wakiwa wamebaki kumi uwanjani, wakasawazisha dakika ya 88. Mara ya tatu baada ya kurudi ilikuwa Morocco, Desemba 2025. Nigeria walitufunga 2-1, tukatoka sare na Uganda 1-1, tukatoka sare na Tunisia 1-1. Kwa pointi mbili hizo tukavuka kundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, na tarehe 4 Januari 2026 wenyeji Morocco wakatutoa kwa bao moja bila, baada ya jasho kubwa.

Jumlisheni, ndugu. Fainali nne, michezo 13, kufungwa mara nane, sare tano, kushinda hakuna hata mara moja. Mabao tuliyofunga ni tisa, tuliyofungwa ni 23.

Hesabu hiyo huweza kusomwa kwa njia mbili. Mtu mwenye choyo ataisoma na kusema, si kitu, tunakwenda kutalii. Mtu mwenye macho ataona jingine: mwaka 2019 tulifungwa mabao manane katika michezo mitatu, mwaka 2024 tulifungwa manne katika michezo mitatu, na Morocco tulifungwa matano katika michezo minne, wala hakuna aliyetushinda kwa zaidi ya bao moja. Huo ni mwendo wa mtu anayepanda mlima. Sisi tunaokaa chini ya Meru twajua kwamba kilele hakifikiwi kwa kuruka. Hupandwa hatua kwa hatua, na anayekaa njiani kujisifu hukutwa na usiku.

Basi swali si kama tumerudi. Tumerudi. Swali ni kama tutadumu, au kama wajukuu wetu watakuja kusimuliwa habari za Cairo na Rabat kama sisi tulivyosimuliwa habari za Lagos.

Mwezi wa Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania heshima ya kuandaa kwa pamoja fainali za 2027. Ni jambo kubwa, na ni jambo jema kwa umoja wa Afrika Mashariki, maana nchi tatu zilizokuwa zikigombania kombe la sabuni sasa zinaandaa karamu moja. Hapa Arusha palichaguliwa kujengwa uwanja mpya katika kata ya Olmoti, uwanja wa watu wapatao 30,000. Yeyote aliyeona mashine zile zikichimba na nguzo zile zikipanda hakukosa kusisimka. Miaka mingi mji wetu ulijulikana kwa watalii wanaopita kwenda Serengeti na Ngorongoro, na kwa mikutano ya wakubwa. Mpira mkubwa tuliufuata Dar es Salaam, safari ya basi ya siku nzima.

Sisi twaufurahia uwanja wa Olmoti. Lakini twataka kuuliza neno moja, wala asije mtu akasema tunapinga maendeleo. Kwa desturi ya mashindano haya, mwenyeji huwa na kiti chake mezani bila kukigombania. Kiti cha kupewa kina hatari yake. Kilichopatikana kwa jasho Ndola 1979, na kwa jasho Dar es Salaam 2019, kila mtu alijua thamani yake. Kinachopatikana kwa kuwa mwenye nyumba kinaweza kutulevya. Tutajaza uwanja, tutapiga vigelegele, wageni wataondoka, na taa zitazimwa. Asubuhi yake, je, Lemara patakuwa na nini ambacho jana hapakuwa nacho?

Tembeeni mitaani jioni mkaone. Watoto wetu wanacheza chandimu barabarani, kwa mpira wa makaratasi na kamba, na kila baada ya dakika mbili mmoja wao anapiga kelele, "Pikipiki!" na wote wanakimbilia mtaroni. Milingoti ya goli ni mawe mawili. Mpira ukiingia kwa watu, mchezo umekwisha mpaka kesho. Hao ndio akina Msuva wa 2035. Twawadai waje kutufungia mabao mbele ya dunia, na sisi hatujawapa hata kipande cha ardhi cha kuangukia bila kuchubuka magoti.

Si kwamba ardhi haikuwapo. Kila mwenye umri wa miaka 40 hapa kwetu anaweza kukuonyesha kwa kidole: pale tulikuwa tukicheza, na pale, na pale ng'ambo. Kiwanja hakipotei siku moja. Kwanza mtu mmoja anaweka kibanda pembeni, kwa muda tu. Kisha gari la mchanga linamwaga mchanga wake katikati, kwa muda tu. Kisha unajengwa ukuta, na siku hiyo mwenye ukuta anatoa karatasi, nasi tunatazamana. Hakuna aliyekwenda kuuliza wakati wa kibanda, na wakati wa ukuta kuuliza hakuna faida.

Watu wa mlima huu, kuliko watu wengine wote wa nchi hii, hawana udhuru wa kutojua thamani ya ardhi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili mahali pao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakukaa wakilia. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Hatulinganishi msiba ule na kiwanja cha mpira. Dhuluma ile ilikuwa kubwa na watu walipoteza mali na maisha. Lakini somo ni lile lile. Wale hawakuwa na bunge. Walikuwa na umoja na mchango. Sisi tuna serikali ya mtaa tuliyoichagua wenyewe, tuna diwani, tuna mkutano wa hadhara, na bado kibanda kimoja kinatushinda!

Hapo ndipo twageuka kusema na wanachama wenzetu, tena bila kuumauma maneno. Uwanja mkubwa wa mjini kwetu una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na kiongozi aliyefariki 1964, aliyeandika sheria za kutunga mashairi na kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Uwanja huo, kama viwanja vingine vingi katika mikoa, uko mikononi mwa Chama cha Mapinduzi, urithi wa siku zile za chama kimoja. Urithi una haki zake na una deni lake. Mwenye uwanja hawezi kuwa mtoza kiingilio tu. Yafaa kila mwanachama, awe wa chama chochote, ajiulize: katika tawi langu, mara ya mwisho ajenda ya michezo ya watoto ilisomwa lini? Wakati wa kampeni mipira na jezi hutolewa kwa wingi, na picha hupigwa. Baada ya kura mpira hupasuka, jezi hupauka, na kiwanja chenyewe hakijapimwa. Mpira wa kampeni si maendeleo ya michezo. Mpe mtoto kiwanja chenye mipaka, mpira atautafuta mwenyewe. Mpe mpira bila kiwanja, umempa kitu cha kugongewa na gari.

Wako watakaotujibu kwamba taifa lina mambo makubwa kuliko mpira: maji, zahanati, barabara, ajira za vijana. Ni kweli, wala hatutaki maji yaachwe kwa ajili ya goli. Lakini kiwanja cha mtaa hakigombani na zahanati. Hakihitaji fedha za mkopo. Kinahitaji uamuzi, mawe manne ya mpaka, na watu wasiokubali kuhongwa. Na kijana mwenye kiwanja jioni ni kijana ambaye hakai kijiweni akingoja mtu wa kumpotosha. Mama yeyote wa Lemara atawaambia hivyo bila kusoma kitabu.

Wako wengine watakaosema, mbona Samatta alitoka Mbagala bila viwanja vya kifahari, akaenda TP Mazembe, akaenda Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa mwaka 2020? Ni kweli, na twajivunia. Lakini mti mmoja uliomea juu ya mwamba si hoja ya kwamba mwamba ni shamba. Taifa la watu zaidi ya milioni 60 haliwezi kukaa likingoja miujiza. Kwa kila Samatta mmoja aliyepenya, wangapi walibaki njiani kwa kukosa mahali pa kuonwa?

Hata Arusha yetu, mji mkubwa namna hii, imekuwa ikipata na kupoteza. JKT Oljoro ilipanda Ligi Kuu mwaka 2011, tukajua sasa mambo yamekuwa mambo. Mwaka 2014 ikashuka, na mji ukarudi kushabikia timu za pwani kwa redio na televisheni. Uwanja wa watu 30,000 bila timu ya nyumbani ni sawa na zizi jipya bila ng'ombe. Mwarusha na Mmeru hawahitaji kufafanuliwa mfano huo.

Tusisahau pia mabinti zetu. Twiga Stars walikwenda fainali za wanawake za Afrika mwaka 2010, wakakaa nje muda mrefu, wakarudi katika fainali zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Wao nao walirudi kutoka gizani, na vigelegele walivyopata ni robo ya vile vya kaka zao. Msichana wa Lemara anayetaka kucheza mpira ana vikwazo viwili: kiwanja hakipo, na kikipatikana anaambiwa si chake. Taifa linalocheza na nusu ya watu wake linaingia uwanjani likiwa pungufu kabla ya filimbi kupigwa.

Twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja lisilowezekana kabla ya mwaka kwisha.

La kwanza, kila mtaa uitishe mkutano wa hadhara wa kuhesabu maeneo ya wazi yaliyobaki, yaandikwe katika muhtasari, na mwenyekiti wa mtaa atie sahihi mbele ya watu. Kilichoandikwa mbele ya watu ni kigumu kuuzwa usiku.

La pili, halmashauri iombwe kuyapima maeneo hayo na kuyawekea mawe ya mpaka na hati, kama inavyopima viwanja vya nyumba. Pasipopimwa ni pa kila mtu, na pa kila mtu ni pa mwenye nguvu.

La tatu, kipindi cha michezo shuleni kiwe kipindi kweli, si saa ya kufyeka nyasi na kuchota maji ya walimu. Na wale wachezaji wa zamani waliojaa mitaani kwetu, wenye magoti mabovu na akili nzima, waombwe kufundisha watoto Jumamosi. Wengi wao hawangoji mshahara; wanangoja kuombwa.

La nne, sisi wenyewe tuchange. Kombe la mbuzi tunalicheza kila mwaka na mbuzi hakosekani. Watu wanaoweza kuchanga mbuzi wanaweza kuchanga milingoti miwili ya mabomba na wavu. Kujitegemea kulipitishwa hapa hapa Arusha, mwaka 1967. Lisiwe neno la kuandikwa katika mnara tu.

Wazee wa uhuru walikuwa na salamu yao: Uhuru na Kazi. Hawakusema uhuru na sherehe, ingawa sherehe walizijua na walizicheza. Walijua kwamba siku bendera inapopanda ndiyo siku kazi inapoanza. Na sisi twasema vivyo hivyo juu ya Stars. Siku ile ya Machi 2019 bendera ilipanda. Tumekwenda Misri, tumekwenda Ivory Coast, tumekwenda Morocco, na kila safari tumerudi na kitu kidogo zaidi ya safari iliyotangulia. Kilichobaki ni ushindi wa kwanza, ule ambao Lagos haukupatikana, wala Cairo, wala popote mpaka leo.

Ushindi huo hautatoka Olmoti. Olmoti utaonekana tu. Utatoka mahali ambapo mtoto anaweza kupiga mpira kwa nguvu zake zote bila kuogopa kioo cha mtu wala pikipiki. Yule mzee wa mtaani kwetu aliyevua kofia siku ile tulimwuliza baadaye anataka nini tena katika mpira, maana aliyoyangoja ameyaona. Akatujibu kwamba anataka mjukuu wake acheze pale alipocheza yeye. Tulikwenda naye kupatazama. Pana ukuta.

Ndugu wananchi, ukuta huo haukujengwa na mkoloni. Tuliukuta umejengwa asubuhi moja, na wote tulikuwa tumelala. Basi vilivyobaki tuvilinde tukiwa macho.